Kiingereza cha Siku Arubaini

Ashraf alipobandika bango lake kwenye ukuta wa duka la baba yake hapa Wete, watu walisimama kulisoma kwa heshima ya tangazo la ajira. KIINGEREZA KWA SIKU ARUBAINI, KWA SAYANSI YA UBONGO. Chini ya maneno kulikuwa na picha ya ubongo wenyewe, mwekundu, umekunjamana kama matumbo ya mbuzi, na chini ya ubongo namba ya simu. Nilisoma, nikacheka, nikaenda zangu sokoni kutafuta pweza. Siku za mwizi ni arubaini, nikajisemea, na huyu kaziandika ukutani kwa mkono wake.

Mimi ni Mwalimu Kazija. Nimesomesha Kiingereza miaka thelathini na moja katika skuli tatu za kisiwa hiki, na aliyewahi kupita mikononi mwangu ananikumbuka, apende asipende. Ashraf ni mmoja wao. Nilimsomesha kidato cha pili, akikaa karibu na dirisha, na daftari lake lilikuwa safi kwa sababu hakuwa akiliandika. Baadaye alikwenda Maskati, akauza vipochi vya simu miaka miwili, akarudi na manukato makali, kompyuta ndogo ya begani, na cheti alichokipata kwenye mtandao kinachosema yeye ni mkufunzi wa namna akili inavyojifunza lugha. Debe tupu haliachi kuvuma. Ila debe hili lilikuwa na projekta.

Kwenye uzinduzi nilikwenda, sikatai. Nilikwenda kama watu wanavyokwenda kuangalia gari iliyopinduka. Ashraf alikuwa kavaa koti katika joto lile, jasho linamtiririka, na ukutani kaweka ubongo mkubwa unaowaka rangi. Akasema hapa panakaa maneno, hapa panakaa sarufi, hapa panakaa woga. Akasema kumbukumbu ni kabati: ukishalijaza, siku ya haja unafungua mlango na kuchukua unachotaka. Kisha akatoa hoja yake kubwa, na hapo, lazima niseme haki, aliushika ukumbi mzima.

"Wangapi humu mmehifadhi juzuu thelathini?" akauliza. "Kiarabu mnakijua? Hamkijui. Lakini mkiamshwa usingizini mnasoma Yasini mpaka mwisho. Sasa ubongo uliohifadhi Kitabu kizima kwa lugha usiyoijua utashindwa na kurasa thelathini za Kiingereza?"

Mzee Kificho, sheha wetu, akatikisa kichwa akasema kijana kanena kweli. Wanawake nyuma wakaitikia. Nilitamani kuinuka niwaambie kwamba Kitabu kinahifadhiwa ili kisomwe kama kilivyoshuka, herufi kwa herufi, na hakuna anayekukatiza katikati ya aya kukuuliza choo kiko wapi. Kiingereza cha kazi kinakatizwa kila dakika. Nilikuwa na mengi ya kusema. Niliwahi kupelekwa semina Tanga siku tano, na huko nikasikia kwamba akili inaposhughulika na lugha ngeni ina mkono mdogo sana, inashika vitu vitatu vinne tu kwa wakati mmoja, na mkono huo ukijaa hofu na kuchunguza makosa, maana inadondoka chini. Nikasikia pia kwamba neno ulilojifunza kwa kulitumia unalikuta unapolihitaji, lakini neno ulilolihifadhi kwa mfuatano unalipata kwa mfuatano tu, huwezi kuruka. Haya yote nilimnong'oneza Bi Mardhiya aliyekaa ubavuni pangu. Bi Mardhiya akaniambia nisimwonee wivu kijana wa watu.

Wanane walijiandikisha, na wa nane alikuwa Mwanabaraka, mtoto wa kaka yangu. Hapo kicheko changu kikaingia shubiri.

Mwanabaraka anakaa Makangale. Kwa miaka kumi na moja alikuwa kibarua wa kuwapitisha wageni katika msitu wa Ngezi, hana mkataba, hana likizo, anafanya kazi siku akiitwa. Anaujua msitu ule kuliko mimi ninavyoijua nyumba yangu. Wale popo wetu wakubwa, anajua mti wanaolala mwezi huu na mti watakaohamia mwezi ujao, na akikuambia kaa hapa usikohoe, utakaa, na komba atatokea. Kwa wageni alitumia Kiingereza chake mwenyewe, maneno mia moja hivi yaliyookotwa njiani, hayana mbele wala nyuma, na yaliyopungua akiyatimiza kwa mikono na macho. Mimi nilikiita Kiingereza cha vidole. Nilikiita hivyo mbele yake, na mbele za watu pia, kwenye harusi, na watu wakacheka, kwa sababu mimi nikitaka watu wacheke huwa wanacheka.

Sasa kampuni mpya ya Waholanzi ilikuwa inakuja kuchukua kazi yote ya kutembeza wageni kule. Ilitaka kiongozi mmoja wa msitu, mmoja tu, kwa mkataba wa miaka mitano, na usaili wake ni wa kusema Kiingereza. Atakayepata kapata. Asiyepata haingii tena msituni na wageni hata kwa kibarua. Mwanabaraka ana miaka thelathini na sita, hajui kazi nyingine na haitaki. Kaka yangu alikuwa keshamtafutia nafasi kwenye kilimo cha mwani, asimame ndani ya maji ya chumvi kutwa na wenzake, na yeye alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba akitolewa msituni ataumwa. Hakusema atasikitika. Alisema ataumwa, kama mtu anayetaja homa anayoijua.

Ndiyo maana alikwenda kwa Ashraf. Alidhani maneno yake mia moja si Kiingereza, ni takataka, na Kiingereza chenyewe kimo ndani ya zile kurasa thelathini zilizopigwa chapa. Nani alimwambia maneno yake ni takataka, nimekwisha kusema.

Siku ya ishirini na mbili alikuja kwangu. Akanipa shikamoo, akavua viatu, akakaa barzani, akaniambia kamaliza kurasa zote na anataka nimsikilize. Akafumba macho akaanza. Alikuwa akiyumba mbele na nyuma kama tulivyokuwa tukiyumba chuoni tukihifadhi Kurani, na sauti yake ilipanda na kushuka mahali pale pale katika kila mstari. Karibuni wageni waheshimiwa katika msitu wetu wa kale. Msitu wetu una miti ya aina nyingi. Upande wenu wa kulia mnauona mvule. Kurasa thelathini za Kiingereza, hakukosa neno, na mimi katika miaka yangu yote sikuwahi kupata mwanafunzi wa kuhifadhi namna ile. Ningeweza kumwambia hivyo. Nisingepungukiwa kitu.

Badala yake nilimwambia arudie, na alipofika ukurasa wa tisa, kwenye popo, nikamkata. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, popo hao wanakula nini, na anijibu kwa Kiingereza.

Akafumbua macho. Akautazama mkeka. Midomo ikamtikisika kidogo, kisha akafumba macho tena akaanza upya: karibuni wageni waheshimiwa katika msitu wetu wa kale.

Nilicheka. Sikucheka kidogo, nilicheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Nikamwambia kwamba kasuku wa Bwana Maher kule bandarini anajua zaidi, maana yule ukimuuliza jambo angalau hutukana. Nikamwambia kwamba kampuni ikitaka redio itanunua redio. Nikamwambia mengine ambayo siyaandiki.

Mwanabaraka hakukasirika, na laiti angekasirika. Alingoja nimalize, kisha akasema, "Ndo nlichokujia, shangazi. Mie nkikatwa, napotea, lazima nrudi mwanzo. Njoo Makangale siku tatu tu. Twende msituni, we uwe mgeni, uniulize, mie nkujibu. Ashraf hatusemeshi, atusikiliza tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Semina nzima ya Tanga, pamoja na chai na maandazi yake, haikusema zaidi ya aliyoyasema mtoto yule akiwa kakaa kwenye mkeka wangu. Atembee, aulizwe, ajibu vibaya, aulizwe tena, mpaka akili iache kuhesabu kurasa ianze kumtazama mtu aliye mbele yake. Siku tatu zingetosha kumfungua. Mimi nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote Pemba nzima, na nikamwambia siwezi, nina mgonjwa Tibirinzi wa kwenda kumtazama.

Sikuwa na mgonjwa. Nikaongeza kwamba aliyemtumbukiza kisimani ndiye amtoe, Ashraf amalize kazi aliyolipwa. Nilitaka kumwona Ashraf anaanguka mbele za watu, na ili aanguke vizuri ilibidi wanafunzi wake waanguke kwanza. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na niliiamini, kwa sababu ilikuwa mbaya kiasi cha kuaminika. Mwanabaraka akavaa viatu vyake, akanitakia mgonjwa wangu afueni, akaondoka.

Usaili ulikuja wiki tatu baadaye, baada ya sala ya adhuhuri, katika darasa la skuli moja ya hapa mjini. Waombaji wote walikuwa wanafunzi wa Ashraf, kwa sababu wengine waliliona lile bango wakajiona wamechelewa. Ashraf alikuwa kaomba, na kampuni ikakubali, kwamba watu wakae nyuma washuhudie. Akaja na koti lile lile, na sahani ya halua kwa ajili ya baadaye. Mzee Kificho alikaa mbele na kofia mpya. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kwenye deski la mwisho, na nitasema kweli, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimepiga pasi buibui kwa ajili ya siku ile.

Msaili alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, aliyevaa viatu vya kukanyagia matope, jina lake Hanneke. Watu walikwisha kumwita Bi Haneka. Alikuwa mpole, anaitikia kila salamu, lakini Kiswahili chake kilikuwa ahsante, na baada ya hapo ahsante tena. Mkalimani hakuletwa makusudi, maana mtu aliyekuwa akitafutwa ni wa kusema na wageni bila mkalimani. Waombaji saba walikaa kwenye benchi mbele yetu sisi watazamaji. Wa nane, Mwanabaraka, alikaa kwenye kiti peke yake, amekabili meza. Ashraf alikuwa kamtanguliza kwa sababu ndiye aliyehifadhi vizuri kuliko wote.

Bi Hanneke akamwomba ajieleze na aueleze msitu. Mwanabaraka akafumba macho. Karibuni wageni waheshimiwa katika msitu wetu wa kale. Akaenda hivyo kurasa mbili, tatu, hakuna doa, na yule mama akamtazama Ashraf kwa mshangao mzuri, na Ashraf akarekebisha kola. Kisha Bi Hanneke akainua mkono taratibu, akatabasamu, akauliza jambo dogo. Mgeni mmoja anamwona nyoka njiani, ukukwi, anapiga kelele. Wewe unafanya nini?

Niliuona mgongo wa Mwanabaraka ukikaza. Kisha akaanza upya, karibuni wageni waheshimiwa. Bi Hanneke akamkatiza tena, kwa upole ule ule, akarudia swali polepole. Mwanabaraka akaanza kwa mara ya tatu, na mara hii hata mwanzo ulimkimbia. Alifika kwenye miti ya aina nyingi akasimama hapo. Miti ya aina nyingi. Miti ya aina nyingi. Kichwa kikaanza kuinama.

Ndipo wale saba kwenye benchi, wote pamoja, kwa sauti ya chini iliyo wazi, wakamtajia mstari unaofuata.

Kwetu sisi imamu akikwama katika sura, walio nyuma yake hawamwachi akatahayari. Humfungulia. Humtajia aya inayofuata, naye akaipokea, sala ikaendelea. Haifanywi kama hisani, watu huiona ni haki juu yao, na tangu tuko watoto chuoni tumefunguliana hivyo mpaka mdomo unafunguka wenyewe kabla ya kufikiri. Wale saba walikuwa wanashindana na Mwanabaraka kwa kazi moja. Kila mmoja alikuwa na faida ya kunyamaza, na hakunyamaza hata mmoja. Aliyenyamaza alikuwa mimi, wiki tatu nzima, nami sikuwa hata nikiitaka ile kazi.

Mwanabaraka akaupokea mstari akaendelea nao, na hilo likaharibu kila kitu. Upande wenu wa kulia mnauona mvule, alisema, kumwambia mtu aliyemuuliza habari za nyoka. Bi Hanneke akaweka kalamu mezani. Akauliza watu hawa ni nani, na kwa nini wanamjibia. Hakupandisha sauti. Akasema kwamba ikiwa majibu yamepangwa, hana haja ya kuwasikiliza wengine saba, na kwamba Unguja alikwisha kumsaili mwanamume mmoja aliyemridhisha. Akaanza kukusanya karatasi.

Wote walikuwa wakimtazama Ashraf. Yeye ndiye mwenye Kiingereza, yeye ndiye mwenye ubongo wa rangi ukutani. Ashraf akasimama, na Kiingereza chake, sikatai, kilitoka. Akasema anaomba radhi sana. Akasema yeye amewafunza uaminifu, na kwamba wizi huu wa majibu wameupanga wenyewe bila yeye kujua, na hata yeye ameona aibu. Wale saba hawakuelewa lote, lakini neno wizi linaeleweka kwa uso wa anayelisema. Mzee Kificho akanigeukia kule nyuma, akaniuliza kasema nini. Nikamwambia. Mzee akavua kofia yake akaishika mapajani.

Nikasimama. Hasira ilinisimamisha, na sikuwahi kuwa na jambo la haki la kusema kuliko lile. Lilikuwa limekamilika kichwani mwangu, kwa Kiswahili, fupi na kali: hawa hawakuiba, hawa wamemfungulia mwenzao kama tunavyomfungulia imamu, na aliyeiba hapa ni huyu mwenye koti. Bi Hanneke akanigeukia. Darasa zima likanigeukia, na nusu ya darasa lile nilikuwa nimelisomesha mwenyewe.

Nikafungua mdomo. Nikatafuta neno la imamu, nikalitilia shaka. Nikatafuta kitenzi, nikajiuliza ni cha wakati uliopita au uliopo, nikakibadilisha, nikakirudisha. Nilipokishika hicho nilikuwa nimelipoteza la kwanza. Nilimwona yule mama akinisubiri kwa uvumilivu, na nikawaona wanafunzi wangu wa zamani wakingoja kosa langu kama nilivyozoea kungoja yao. Kisha sauti ikanitoka, na ikasema kwa Kiingereza safi kabisa: "Habari za asubuhi, bibie. Sisi wazima, ahsante."

Ilikuwa saa nane mchana. Hayo ndiyo maneno ambayo darasa zima husimama na kumwambia mwalimu anapoingia. Nilikuwa nimeyasikia kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na moja, na yalikuwa ya kwanza mlangoni.

Hakuna aliyecheka. Ningependa mtu acheke. Nikabaki nimesimama pale na ukweli ambao nilikuwa nimeuficha hata nafsi yangu isiujue: sijapata kusema Kiingereza na mtu asiyejua Kiswahili. Nimekiandika ubaoni. Nimekisahihisha kwa wino mwekundu. Nimewacheka waliokikosea, wakubwa kwa wadogo. Lakini kumtazama mtu machoni nikamwambia jambo asilolijua, sikuwahi, wageni walipopita Wete nilivuka barabara. Mwanabaraka aliponiita msituni nikamzulia mgonjwa, si kwa ajili ya Ashraf. Niliogopa angeniuliza jina la mti.

Hapo Mwanabaraka akageuka kwenye kiti chake akaniona. Alinitazama kidogo tu. Kisha akasimama, akamgeukia Bi Hanneke, na mara hii hakufumba macho.

"Madamu," akasema kwa Kiingereza. "Msikitini. Mwanamume mbele, kusoma, kusahau." Akaweka kiganja mdomoni, mdomo umefungwa. "Watu nyuma, kusaidia. Kutoa neno. Sisi hivyo, toka mdogo. Hawa," akanyoosha mkono kwenye benchi, "hawa kutaka kazi yangu. Bado kusaidia mimi. Si wizi, madamu."

Maneno yalitoka yakipepesuka, mengine yamekosa kichwa na mengine miguu, na yalifika yote. Bi Hanneke aliacha karatasi. Akaitazama benchi, uso kwa uso, wale saba mmoja mmoja. Akakaa. Akaokota kalamu.

"Na ukukwi?" akauliza.

Mwanabaraka akatoka kwenye kiti akasimama katikati ya darasa, akamweka mgeni asiyekuwepo nyuma ya mgongo wake kwa mkono mmoja. Mgeni hapa, akasema. Hakuna kukimbia, hakuna jiwe. Huyu kijani, huyu kula mjusi, huyu kuogopa wewe zaidi. Akachutama, akamtazama nyoka wa hewani akivuka sakafu ya saruji mpaka akapotea chini ya deski la sheha, na Mzee Kificho, mtu mzima na akili zake, akainua miguu. Bi Hanneke akacheka. Akauliza habari za popo, akajibiwa. Akauliza popo wanahama lini, akajibiwa kwa vidole vya mwezi na mkono wa upepo na maneno sita. Wakaenda hivyo dakika ishirini, na kati ya maneno yake mia moja yakaanza kujipenyeza maneno ya zile kurasa thelathini, moja moja, yametolewa foleni, kila moja limekuja kwa sababu limeitwa. Nililiona hilo kwa macho yangu. Hakuna semina iliyowahi kunionyesha.

Kazi alipata, nawaambieni mapema msikae roho juu. Wale saba nao walisikilizwa, na wawili wakachukuliwa wasaidizi wake. Ashraf naye, msidhani alitahayari. Wiki ile ile alibandika bango jipya, na mahali pa ubongo kaweka picha ya Mwanabaraka kavaa fulana ya kampuni, imeandikwa: MATUNDA YETU. Watu wanalisoma na kujiandikisha. Mimi nikipita hapo nainamisha kichwa, na neno la kumcheka nalitafuta nisilipate.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile usaili ulipokwisha, Bi Hanneke alizunguka meza kumpa Mwanabaraka mkono, na akaniona mimi, bado nimesimama kwenye deski la mwisho, sikuwa nimekumbuka kukaa. Akamuuliza Mwanabaraka, bibi huyu ni nani? Aliuliza polepole, akitenganisha maneno, kwa kunihurumia, ili nami nielewe. Nililielewa swali lote. Nimelifundisha swali lile kwa watoto wasiopungua elfu tano.

Mwanabaraka akanitazama. Angeweza kusema shangazi yangu, ingetosha. Angeweza kusema aliyenicheka, au aliyekataa kuja, na Kiingereza cha kuyasema hayo alikuwa nacho. Nilikuwa tayari. Nilikaza miguu nikasubiri, na ningemshukuru.

"Mwalimu wangu," akasema.

Uso wa Bi Hanneke ukafunguka. Akapita kati ya madeski mpaka nyuma kabisa, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akanipongeza kwa kazi nzuri, na akangoja nijibu. Mwanabaraka naye alikuwa kaja nyuma yake, midomo yake inatikisika kidogo, ananitajia neno. Nililiona, nikashindwa kulipokea, nikamjibu yule mama kwa Kiswahili.